Gari la Mzee lililobaki Detroit

SWALI: Baba yangu alisoma Detroit mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akiwa huko alinunua kwa mtu gari aina ya Pontiac GTO, buluu iliyokolea, paa limevishwa ngozi nyeusi ya plastiki. Mwaka 1974, wiki chache kabla ya kurudi Tanga, aliliuza kwa dola 400. Leo ana miaka 76 na bado analizungumzia: kwamba lilikuwa otomatiki lakini kishikio cha gia kilikuwa na njia mbili, kwamba saa ya mizunguko ya injini ilikaa nje juu ya boneti, kwamba lilikuwa na kabureta tatu. Hakumbuki kama lilikuwa la 1966 au 1967. Mimi naishi Minneapolis na ningependa kulitafuta bila yeye kujua. Je, yawezekana? Na kwa nini watu waliyaachia magari kama haya kwa bei ya kutupa?

JIBU: Dada, mwaka wa gari umeshaupata. Mzee mwenyewe amekutajia bila kujua.

Saa ya mizunguko inayokaa juu ya boneti ilianza kuuzwa kama nyongeza katika magari ya mwaka 1967. Kishikio cha njia mbili nacho ni cha 1967. GTO za otomatiki za 1964 hadi 1966 zilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele. Mwaka uliofuata Pontiac wakaweka giaboksi ya hatua tatu, Turbo-Hydramatic 400, na mnunuzi aliyelipia kisanduku cha katikati ya viti alipewa kishikio kilichotengenezwa na kampuni ya Hurst. Kina mifereji miwili iliyolala sambamba. Ukiwa kwenye mfereji wa kushoto, gari linajibadilishia gia lenyewe. Ukikihamishia wa kulia, uamuzi ni wako: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila msukumo hatua moja, na huwezi kuteleza hadi nyutro injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Mtu aliyewahi kukishika hakisahau, na ndiyo maana baada ya miaka hamsini Mzee bado anakitaja. Kwa hiyo yeye alikuwa na gari la 1967. Kwa hayo mawili peke yake ningeweka sahihi.

Kabureta tatu ndizo zinazonifanya nikae nifikiri.

Mpango wa kabureta tatu, ambao Pontiac waliuita Tri-Power, ulikuwepo kwenye GTO kuanzia 1964 hadi 1966. Katika mwendo wa kawaida ile ya katikati ndiyo inayofanya kazi, na mbili za pembeni zinaingia ukikanyaga kwa nguvu. Kwa magari ya 1967 wakuu wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, waliamuru kabureta nyingi ziondolewe, Corvette, gari lao la michezo, ikasamehewa. GTO ikapewa kabureta moja kubwa ya matundu manne, Rochester Quadrajet. Maana yake ni kwamba hakuna GTO ya 1967 iliyotoka kiwandani na kabureta tatu.

Sisemi Mzee amechanganya. Seti ya 1966 inaingia kwenye injini ya 1967, na vijana wa wakati ule walizifunga sana, kwa sababu zilikuwa na sifa na zilipatikana kwenye magari yaliyogongwa. Huenda aliyemuuzia, au aliyekuwa nalo kabla ya huyo, ndiye aliyezifunga. Muulize swali moja dogo: alipofunua boneti, je, aliona vifuniko vitatu vidogo vya kromu vimepangana, au kimoja kikubwa cha duara? Akisema vitatu bila kusita, basi gari lake lilikuwa limeshaguswa na mkono wa fundi kabla halijamfikia. Hilo ni jambo kubwa katika utafutaji, na nitalirudia mwishoni.

Muulize pia kuhusu picha. Familia nyingi zina angalau moja, kijana wa Kitanzania kavaa koti la baridi, kaegemea gari. Taa za mbele zilizopandana wima hazitakusaidia kutenganisha 1966 na 1967, kwani zote zinazo. Tazama grili: ya 1967 ni wavu wa chuma unaong'aa. Tazama nyuma: ya 1967 ina mipasuko minne ya taa kila upande. Kama picha inaonyesha namba za usajili, usiikate wala usiiweke kwenye mitandao. Piga nakala safi uitunze.

Sasa hilo la kuachia kwa bei ya kutupa. Naomba nilijibu kwa kirefu, maana nafufua magari ya zamani kwa kazi, na katika wazee wanaokuja karakana, wengi wamebeba jambo hili kama kosa la maisha yao. Mimi sioni kosa.

GTO yenyewe ilizaliwa kwa ujanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors walikuwa na sheria ya ndani kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, chini ya mhandisi mkuu wao John DeLorean, waliona kwamba injini yao ya inchi 389, yaani lita 6.4, inakaa bila shida kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati. Ili wasiivunje sheria waziwazi, hawakuiandikisha kama gari jipya. Waliiuza kama nyongeza ya Tempest LeMans, chini kidogo ya dola 300. Mwaka wa kwanza, 1964, zilitoka 32,450. Mwaka 1966 zikafika 96,946. Hivyo ndivyo magari ya misuli yalivyoenea: bodi ya gari la kawaida, injini ya gari kubwa, na bei ambayo kijana wa kiwandani angeweza kuilipa kidogo kidogo. GTO ya 1967 yenye paa gumu ilikuwa chini kidogo ya dola 3,000 ikiwa mpya.

Kwa fedha hizo ulipata lita 6.6, nguvu farasi 335, katika gari la takriban kilo 1,600. Lakini namba ya farasi haielezi kinachobaki kwenye kumbukumbu. Kinachobaki ni jinsi nguvu inavyokuja mapema, injini ikiwa bado haijachangamka. Ukiwa na Quadrajet, matundu mawili madogo ya mbele yanatosha kwenda dukani na kurudi, na gari ni tulivu kabisa. Ukikanyaga hadi chini, matundu mawili mapana ya nyuma yanafunguka, mlio unabadilika ghafla kutoka ngurumo kwenda mvuto mrefu wa hewa, na mgongo wako unakwenda kwenye kiti kabla hujakamilisha wazo. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekulia kwenye mabasi ya Tanga angetaka nini zaidi? Kwa kawaida gari hilo lilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne, za diski mbele zilikuwa nyongeza ya kulipia, na breki hizo za ngoma zilichoka upesi. Wazee hawazitaji breki. Mzee akikaa vizuri muulize, utamwona anatabasamu kwa namna tofauti.

Halafu mambo yakageuka yote kwa wakati mmoja. Kampuni za bima zilianza kupima nguvu ya injini dhidi ya uzito wa gari, na kijana asiyeoa akatozwa nyongeza nzito. Kwa magari ya 1971 General Motors walishusha mgandamizo wa injini ili zitumie petroli yenye madini kidogo ya risasi, kwa sababu sheria ya hewa safi ya 1970 ilikuwa njiani kuwabana. Injini ya Mzee ilikuwa ya kabla ya hapo, mgandamizo wake 10.75 kwa moja, ikidai petroli ya daraja la juu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta. Pipa lililokuwa kama dola 3 likakaribia 12. Kwenye vituo watu walipanga foleni mtaa mzima. Januari 1974 ukawekwa mwendo wa juu wa maili 55 kwa saa kwa nchi nzima, kama kilomita 88. Gari linalokunywa takriban lita 20 kwa kilomita 100 mjini likageuka mzigo kwa mwenye nalo, na mnunuzi akawa ndiye anayepanga bei.

Mzee aliuza mwaka huohuo. GTO yenyewe ndiyo ilikuwa inakata roho: ya 1974 ilijengwa juu ya gari dogo la Ventura kwa injini ya inchi 350, zikatoka 7,058, kisha jina likafutwa. Pamoja na hayo, gari lilikuwa na miaka saba katika mji unaomwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi. Sehemu ya chini ya madigadi na sakafu ya buti pengine ilikuwa imeanza kutoboka. Na asingeweza kulileta nyumbani kwa maana yoyote: usukani upande wa kushoto, hakuna spea, na Tanzania nayo ilikuwa imebanwa na mafuta hayohayo na uhaba wa fedha za kigeni. Dola 400 kwa mwanafunzi anayefunga mizigo ilikuwa bei ya haki. Mwambie hivyo. Nimewaona watu wakipumua waliposikia tu mpangilio wa miaka ile, kwa sababu wanapolinganisha na bei za leo, ambazo kwa gari zuri ni makumi ya maelfu ya dola, wanasahau dunia waliyouzia.

Tuje kwenye kulitafuta.

Kila kitu kinasimama juu ya namba ya gari. Ya 1967 ina herufi na tarakimu 13, na imepigwa kwenye kibati kilichobanwa kwa ribiti kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ilihamia kwenye dashibodi, mahali inapoonekana kupitia kioo cha mbele, kuanzia magari ya 1968. Mfano unasomeka 242177P, kisha tarakimu sita za mfuatano wa utengenezaji. Ile 2 ya kwanza ni Pontiac, 42 ni GTO, 17 ni paa gumu lisilo na nguzo ya katikati, 7 ni mwaka, na P ni kiwanda cha mji wa Pontiac, Michigan, kaskazini ya Detroit.

Namba hiyo haitakaa kichwani mwa mtu kwa miaka hamsini. Itakaa kwenye karatasi: hati ya umiliki, barua ya bima, risiti ya mauzo, hata karatasi ya faini. Wanafunzi wa zamani walirudi na masanduku, na karatasi zao mara nyingi bado zimo, chini ya vyeti vya shule. Tafuta Tanga kabla hujatafuta Michigan. Mtu wa kukusaidia huko ni shangazi au ndugu anayejua kila sanduku ndani ya nyumba.

Ukiipata, tovuti za kawaida za historia ya magari zitaikataa, kwa sababu zimetengenezwa kwa namba za tarakimu 17 zilizoanza 1981. Wewe nenda PHS (Pontiac Historic Services), ofisi inayotunza kumbukumbu za kiwanda za Pontiac tangu magari ya 1961. Kwa ada utapata nakala ya karatasi ya gari lenyewe: rangi, nyongeza zote, na duka lililopokea gari likiwa jipya. Kama inaonyesha buluu na paa la ngozi, na Turbo-Hydramatic, umelishika gari la Mzee kwenye karatasi. Mimi ningeiweka nakala hiyo kwenye fremu hata kama safari ingeishia hapo. Haitakuambia nani analo leo.

Ofisi ya usajili ya jimbo nayo haitakuambia. Sheria ya nchi nzima ya 1994 inazuia kutoa taarifa binafsi za wamiliki ovyo, na hati za miaka ya 1970 nyingi zimeshaondolewa kwenye kumbukumbu. Njia inayobaki ni watu. Kuna chama cha wapenzi wa GTO, GTO Association of America, na cha Pontiac kwa jumla, Pontiac-Oakland Club International. Waandikie, toa namba isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, toa picha na mji. Ficha hizo mbili ili anayedai analo akuthibitishie mwenyewe.

Bila namba, Dada, sikushauri utumie hata senti. Mwaka 1967 zilitoka GTO 81,722, na kati yake 65,176 zilikuwa hizo za paa gumu. Buluu haikuwa rangi adimu. Utapata matangazo ya magari yanayofanana, moyo utakwenda mbio, na hakuna hata moja litakalokuambia kwamba lilikaa mbele ya nyumba ya wanafunzi Detroit mwaka 1972. Na lazima niseme ukweli huu: magari ya Michigan ya umri ule mengi yalikwisha. Injini ilitolewa ikawekwa kwenye gari lingine, bodi ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Yaliyopona ni yale yaliyopelekwa mapema majimbo makavu, au yaliyofungiwa bandani.

Akitokea mtu akisema analo, usitume fedha kabla ya kuona mambo haya. Kwanza ribiti za kibati cha namba. Zikionekana mpya au zimekwaruzwa, ondoka. Pili, herufi mbili zilizopigwa mbele ya injini upande wa abiria, chini ya silinda hedi: kwa otomatiki ya kawaida ya 1967 ni YS, na WT ni ya gia za mkono. Tatu, chini ya kioo cha nyuma. Paa la ngozi linashika maji, na hapo ndipo kutu inapoanza bila kuonekana. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Inapokataa kushika, chini yake pana puti, bati hakuna. Kisha ingia chini utazame chesisi juu ya ekseli ya nyuma. Bodi hubadilishwa kwa fedha. Chesisi iliyooza kwenye gari hili inakula fedha na muda, na mara nyingi haifai kuendelea nayo.

Umesema unataka iwe siri. Hapo napingana nawe. Mtu wa pekee aliyelijua gari lile yuko hai, ana akili timamu, na amekumbuka kishikio cha Hurst kwa usahihi unaonizidi mimi mwenye vitabu. Mpigie, mwambie unalitafuta, mrekodi. Muulize kasoro: kulikuwa na bonyeo wapi, kiti kipi kilichanika, nani aliyemuuzia na mtaa gani, nani aliyenunua. Mambo kama shimo la antena iliyohamishwa ndiyo hutambulisha gari baada ya kupakwa rangi mara tatu. Na kuulizwa maswali hayo na binti yake ni furaha ambayo huna haja ya kuisubiri mpaka gari lipatikane.

Kama afya yake inaruhusu, anza mapema taratibu za viza umlete Agosti. Jumamosi ya tatu ya mwezi huo, tangu 1995, magari ya zamani hujaa Woodward Avenue, barabara inayotoka Detroit kwenda mji wa Pontiac. Vijana wa miaka ya 1960 walishindana humo usiku kwenye taa za barabarani, na watu wa Pontiac wenyewe walileta magari yao hapo ili yaonekane. Mzee bila shaka aliipita. Mkalishe kitini pembeni ya barabara na maji ya kutosha, kuna joto. Wenye GTO ni watu wakarimu. Ukiwaeleza kwamba huyu alikuwa na ya 1967 mjini humu, wapo watakaomfungulia mlango.

Kununua jingine ni suala la mfuko wako. Kama utanunua, usimwambie kwamba ndilo lile. Atajua kabla hajakaa.

Na zile kabureta tatu. Kama kabla ya Mzee kulikuwa na mtu aliyebadilisha kabureta, huenda alibadilisha na mengine, kwa kuwa hata enzi zile LeMans zilivishwa alama za GTO na kuuzwa kwa wageni wasiojua. Kishikio cha Hurst kinanipa imani kwamba la Mzee lilikuwa la kweli. Hata hivyo, siku utakapoishika karatasi yenye namba, soma tarakimu tatu za kwanza kabla ya lolote. Zikiwa 242, agiza nakala ya PHS siku hiyohiyo. Zikiwa 237, hiyo ni LeMans. Niandikie kwanza tuone picha pamoja, kabla hujampigia Mzee.